Nani Alifika Newala? Namna ya Kupima Tovuti Kabla ya Kuiingiza Kwenye Marejeo

Kabla hujaiamini tovuti kwa jambo usilolijua, ipime kwa jambo unalolijua. Wewe unayesoma ukiwa Mkunya, Kitangali au Masasi mjini una kipimo ambacho mhadhiri wa Dar es Salaam hana: unaijua ardhi unayoikanyaga. Tafuta hiyo tovuti inasema nini kuhusu Newala. Ikiiweka Newala ufukweni, au ikiihamishia Mkoa wa Lindi, umeshapata jibu. Ikiandika kwamba watu wa uwanda wa juu wa Makonde hawajawahi kuwa na shida ya maji kwa sababu Mto Ruvuma uko jirani, umelipata mara mbili. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yako, lakini kuliona bonde hakukuletei ndoo ya maji nyumbani, na kila aliyeishi juu huku anajua hivyo. Mwandishi asiyelijua hilo hakufika, wala hakumuuliza aliyefika. Kama hakujisumbua kuuliza kuhusu Newala, sioni kwa nini awe amejisumbua kuhusu Kilwa au Kigoma.

Tovuti yenyewe haijui kitu. Nyuma yake kuna mtu aliyehesabu, aliyepima, aliyehoji wazee au aliyesoma nyaraka, na nyuma ya huyo wamepanga foleni watu walionakili. Wengi tunaokutana nao mtandaoni ni wa kwenye foleni. Kwa hiyo swali la kuuliza kila unapofungua ukurasa ni hili: nani alifika, lini, na alijuaje? Ukurasa unaokujibu hata nusu ya swali hilo unastahili dakika zako na bando lako. Usiojibu, hata uwe na picha nzuri za namna gani, ufunge.

Usitishwe na wingi pia. Ukikuta kurasa sita zina sentensi ileile juu ya Shimo la Mungu, koma kwa koma, hujapata mashahidi sita. Umepata shahidi mmoja na wanakili watano, na huenda hata huyo mmoja hayumo kati ya hao sita. Njia nyepesi ya kumtafuta ni kuchukua sentensi moja nzima, kuiwekea alama za kunukuu na kuitafuta hivyo hivyo kwenye Google. Itakuonyesha imetapakaa wapi, na mara nyingi ukurasa ulio mrefu zaidi na wenye tarehe ya zamani zaidi ndio mama wa nyingine.

Anwani inakwambia nini

Mwisho wa anwani unasema kitu, ila ni kidogo kuliko tunavyofundishwa. Hapa Tanzania .go.tz ni ya taasisi za serikali, .ac.tz ni ya vyuo, .sc.tz ni ya shule, .or.tz ni ya taasisi zisizo za biashara na .co.tz ni ya biashara. Kenya wana .go.ke na .ac.ke, Uganda .go.ug na .ac.ug. Wamarekani wana .edu, ambayo tangu 2001 hutolewa kwa vyuo vyao vilivyoidhinishwa. Lakini .org, ambayo wanafunzi wengi huiheshimu kama cheti, huuzwa kwa yeyote mwenye pesa ya kulipia, sawasawa na .com.

Jambo la kuangalia ni kile kinachotangulia mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://. Jina la Baraza la Mitihani, NECTA, likiwa mwanzoni mwa anwani na .com ikafuata, hiyo si NECTA. Anwani iliyoandika "go-tz" kwa kistari badala ya nukta imetengenezwa na mtu anayetaka usitazame vizuri.

Hata .ac.tz halisi haikuhakikishii kila kilichomo. Ndani ya tovuti moja ya chuo unaweza kukuta makala iliyopitiwa na wataalamu, tasnifu ya mwanafunzi, maandalizi ya somo ya mhadhiri, na tangazo la mahafali. Vyote vina anwani moja na uzito tofauti kabisa. Hazina za tasnifu za Chuo Kikuu Huria na za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo zina faida kubwa kwetu, maana humo utakuta watu waliokaa vijijini Mtwara na madodoso wakiuliza wakulima maswali. Tasnifu ya uzamili imetahiniwa, inataja idadi ya waliohojiwa, na ina kiambatisho cha maswali yenyewe. Itumie. Ila soma sura ya tatu, ile ya mbinu, kabla ya kurukia matokeo. Mtu aliyehoji wakulima wa kijiji kimoja hawezi kukusemea Mkoa mzima wa Mtwara, na ukimnukuu kana kwamba amesema hivyo, kosa ni lako.

Takwimu na mipaka inayohama

Hapa ndipo wanafunzi wetu huanguka zaidi, na huanguka wakiwa na vyanzo vizuri mkononi.

Chukua idadi ya watu. Mwanafunzi anataka kuandika namna Newala ilivyokua. Anapata takwimu za sensa ya 1988, anapata za 2002, anaziweka kwenye jedwali na kugundua kwamba watu wamepungua mno. Anatafuta sababu: ukame, kuhama, bei ya korosho. Anaandika kurasa nne za sababu. Kumbe hakuna aliyehama. Mwaka 1995 Tandahimba ilimegwa kutoka Newala ikawa wilaya, kwa hiyo Newala ya 1988 na Newala ya 2002 ni maeneo mawili yenye jina moja. Masasi nayo ni hivyo hivyo: Nanyumbu ilitoka humo mwaka 2007, na anayelinganisha Masasi ya 2002 na ile ya 2012 bila kuijumlisha Nanyumbu analinganisha vitu visivyolingana. Leo Newala yenyewe ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, na kurasa zilizoandikwa kabla ya mgawanyo huo hazitofautishi kata za huku na za kule.

Hakuna tovuti iliyodanganya katika mfano huo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) ilihesabu kweli, 1988 na 2002. Aliyekosea ni msomaji aliyesahau kuuliza jina hili, mwaka ule, lilimaanisha eneo gani. Kwa hiyo kila unapokuta takwimu ya wilaya au kata, andika pembeni mwaka wa kuhesabiwa na mipaka ya mwaka huo.

Ukitafuta kata ndogo kama Mkunya, ukurasa wa kwanza kujitokeza mara nyingi ni wa Wikipedia ya Kiswahili: mistari michache, jina la wilaya, postikodi, na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa fulani. Sina ugomvi na Wikipedia. Wenyewe wanasema wazi kwamba haifai kunukuliwa kama chanzo cha kitaaluma. Kazi yake ni kukuelekeza. Shuka chini kabisa ya ukurasa, kwenye marejeo, uone namba ile imetoka ripoti gani, kisha uende kwenye ripoti. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchi nzima, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ukurasa unaokupa idadi ya kata yako kwa takwimu za 2012 unaelezea nchi iliyokuwa na watu pungufu kwa karibu milioni 17.

Wakati mwingine namba husimama kwa sababu mhesabuji amesimama. Mwanzoni mwa Mei 2020 serikali iliacha kutoa takwimu mpya za UVIKO-19. Wagonjwa 509 na vifo 21, hizo ndizo namba zilizobaki. Tovuti kubwa za dunia, zenye grafu za rangi na majina ya vyuo vinavyosifika, ziliendelea kuonyesha 509 kwa zaidi ya mwaka. Mwanafunzi aliyenakili grafu ile mwaka 2021 na kuandika kwamba ugonjwa ulisimama Tanzania alinukuu chanzo chenye heshima na bado akaandika uongo. Mstari ulionyooka kwenye grafu una maana mbili: jambo limetulia, au aliyekuwa akilihesabu ameweka kalamu chini. Tafuta ni ipi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye takwimu rasmi, niseme lililo wazi. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa Septemba 2018 kwa namna iliyofanya iwe kosa kuchapisha takwimu za kupotosha au kukanusha zile rasmi. Mwaka 2019 makali hayo yakaondolewa. Kwa hiyo ukikuta katika kipindi kile hakuna mtafiti wa ndani anayetofautiana na namba za serikali, usikimbilie kuandika kwamba wataalamu wote walikubaliana. Mimi huzitumia takwimu za NBS kuliko nyingine yoyote, kwa sababu wanaeleza walivyohesabu. Kuzitumia hakunizuii kujua zilitoka katika mazingira gani.

Korosho: chanzo kizuri chenye masilahi

Nusu ya asaimenti za vyuo vya Mtwara, ukizichunguza, zinagusa korosho, na huku ndiko utaona namna tovuti tatu zinavyoweza kusema mambo matatu bila yeyote kutunga.

Habari ya kihistoria inajulikana. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi kama tani 16,500. Nini kilitokea? Ukiingia tovuti ya kampuni inayouza viuatilifu utaambiwa ni ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua, na utaonyeshwa dawa ya kupuliza, salfa. Ukiingia ukurasa wa mtetezi wa soko huria utaambiwa ni bei ndogo iliyopangwa na mamlaka, mkulima akakata tamaa ya kupalilia. Ukisoma makala ya mwanahistoria utaambiwa juu ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ambapo watu walihamishwa mbali na mikorosho yao ikabaki msituni. Yote matatu yana ushahidi. Kinachotofautiana ni nani ananufaika ukiamini moja peke yake. Muuza salfa hajadanganya aliposema ubwiriunga ulikuwepo. Amenyamazia mengine, maana hayo mengine hayatibiwi na salfa.

Kwa ugonjwa wenyewe, nenda kwa waliokaa shambani: Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimefanya kazi ya korosho kwa miongo mingi, na watafiti wake wamechapisha kwenye majarida. Kwa kiasi kilichouzwa mnadani, nenda Bodi ya Korosho au vyama vikuu vya ushirika, TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Kwa hali ya mkulima, hao wote hawatoshi. Utahitaji mtu aliyemhoji mkulima.

Kuna mtego mwingine hapo. Bodi huhesabu kwa msimu, unaoanza mwaka huu na kuishia mwakani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huhesabu kwa mwaka wa kalenda. Msimu wa 2017/18 ulivunja rekodi ya wakati huo kwa zaidi ya tani 313,000. Ukiitafuta namba hiyo kwenye jedwali la shirika hilo chini ya mwaka 2017 au 2018, usishangae usipoikuta kama ilivyo. Angalia pia kama wanazungumzia korosho ghafi au zilizobanguliwa, maana uzito si mmoja.

Halafu kuna habari za magazeti. Novemba 2018 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuikusanya. Kila tovuti ya habari iliandika hivyo, na ni kweli ilitangazwa hivyo. Lakini tangazo ni tukio moja na malipo ni tukio jingine. Mwanafunzi anayeandika "mwaka 2018 wakulima walilipwa shilingi 3,300" akitegemea habari ya siku ya tangazo amenukuu gazeti la kweli kuthibitisha jambo ambalo gazeti hilo halikusema. Soma kitenzi. Alisema, aliahidi, aliagiza, alilipa: kila kimoja kinahitaji ushahidi wake.

Kitabu cha zamani kwenye skrini mpya

Ukitafuta historia ya Newala kwa undani, mapema utakutana na Karl Weule. Alikuwa Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, akaja huku mwaka 1906, akapita Masasi, akakaa Newala, akarekodi nyimbo kwenye mitungi ya nta na kupiga picha zinazotembea za ngoma. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani 1908, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza kwa tafsiri ya Alice Werner, aliyekuja kuwa mwalimu wa Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu huko London. Leo unakipata bure kwenye Internet Archive, kurasa zote, na picha.

Hapa yapo maswali mawili na usiyachanganye. La kwanza: je, hiki ninachokiona kwenye skrini ndicho kitabu kilichochapwa 1909? Kwenye Internet Archive jibu ni ndiyo, unaona picha ya karatasi yenyewe, hata muhuri wa maktaba. La pili: je, alichosema Weule ni kweli? Hilo tovuti haiwezi kukujibu. Alifika, hilo hakuna ubishi. Alikaa miezi tu, hakukijua Chimakonde, alitegemea wakalimani, na alitembea na askari wa serikali ya Kijerumani wakati vidonda vya vita vya Majimaji vilikuwa bado vibichi. Misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa 1905. Jiulize mzee wa Newala angemwambia nini mgeni aliyekuja na askari. Alipoeleza umbo la nyumba au namna chungu kinavyofinyangwa, mimi namwamini sana. Anapoeleza watu wanafikiri nini, namsoma kwa jicho moja.

Kwa hiyo unapomnukuu, mnukuu yeye, na mwaka wake. Usinukuu ukurasa wa utalii uliochukua maneno yake bila kumtaja ukayageuza kuwa "Wamakonde huamini kwamba", kana kwamba ni habari ya juzi.

Na Majimaji yenyewe ni kipimo kizuri cha tovuti yoyote ya historia. Takwimu ya serikali ya Kijerumani ilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Mtanzania Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Ukurasa unaokupa namba moja tu, bila kusema ni ya nani, umekunyima sehemu muhimu zaidi ya habari. Ukurasa unaokupa zote mbili na kueleza kila mmoja alifikaje hapo ndio wa kuhifadhi.

Tofauti nyingine ni ndogo na hazina madhara. Rais Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alifariki usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai 2020. Wengine wanaandika 23, wengine 24. Hapo hakuna mwongo. Ni usiku mmoja uliogawanywa na saa sita. Andika "usiku wa kuamkia" uendelee na kazi.

Vinyago, na anayeuza historia

Mada ya vinyago vya Kimakonde ni mbaya kuliko zote kwa mtafiti wa mtandaoni, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoandikwa kimeandikwa na wauzaji. Duka la Ulaya likisema sanaa ya shetani ni urithi wa kale sana wa kabila, kumbuka kwamba kinyago kikiongezewa umri kinaongezewa bei. Mtindo wa shetani ulichomoza Dar es Salaam miaka ya 1950, na jina linalotajwa zaidi ni Samaki Likankoa, mmoja wa wachongaji Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Wamakonde wa Newala na Wamakonde wa ng'ambo ni ndugu, lakini historia ya uchongaji wao haikwenda pamoja, na tovuti inayowachanganya hao wawili haijafanya kazi yake.

Linganisha duka na makumbusho. Ukurasa mzuri wa makumbusho hukupa namba ya kitu, kilikopatikana, mwaka kilipochukuliwa na aliyekichukua. Huenda maelezo yana makosa, lakini unaweza kuyafuatilia. Duka hukupa hadithi na kitufe cha kununua.

Majarida, ya kweli na ya kuchuma pesa

Msimamizi wako akikwambia "tumia majarida", ana maana ya makala zilizosomwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Kwa Afrika, anza na AJOL, hazina ya majarida ya Kiafrika iliyoanzishwa 1998, ambayo sasa iko Afrika Kusini. Humo majarida kadhaa ya Tanzania yamo. Google Scholar nayo ni nzuri kwa kutafuta, ila inakusanya vyote, vibivu na vibovu, kwa hiyo kuonekana humo si sifa.

Vibovu vipo vingi. Kuna majarida yaliyoanzishwa kukusanya ada kwa waandishi na kuchapisha chochote. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, alikuwa na orodha yake maarufu ya wachapishaji wa namna hiyo hadi alipoiondoa Januari 2017. Bila orodha bado utawatambua. Wanaahidi kukubali makala ndani ya siku chache. Jina linaanza na neno kubwa, la kimataifa, na jarida linapokea kila fani, kuanzia uuguzi hadi uhandisi wa madaraja. Wahariri hawana vyuo, au wana vyuo visivyowatambua. Soma makala mbili za toleo moja: kama makosa ya jedwali yanaonekana kwako wewe mwanafunzi, ujue hakuna mtaalamu aliyezipitia.

Jambo ambalo limekuja karibuni ni marejeo hewa. Tangu mwisho wa 2022, zana za akili unde zimekuwa zikiwaandikia wanafunzi orodha za vyanzo zinazopendeza: jina la mwandishi, mwaka, jarida, namba za kurasa. Ukienda kwenye jarida, makala haipo. Ni kama watumishi hewa, jina lipo kwenye orodha ya mshahara na ofisini hajawahi kuonekana. Sharti langu ni moja tu hapa: usiorodheshe chanzo ambacho hujakifungua kwa mkono wako. Kichwa cha makala kiweke kwenye alama za kunukuu, kitafute. Kisipoonekana popote, kifute, hata kama kinaunga mkono hoja yako vizuri namna gani. Hasa kikiunga mkono vizuri mno.

Mambo ya mkononi

Tarehe ya ukurasa usiichukue pale chini kwenye alama ya hakimiliki. Tovuti nyingi zimepangwa ule mwaka ubadilike wenyewe kila Januari, wakati maandishi yamelala tangu 2011. Tafuta tarehe karibu na jina la mwandishi. Kama haipo, angalia mwaka wa mwisho uliotajwa ndani ya maandishi.

Ukitaka Google ikuletee tovuti za serikali tu, andika neno lako kisha site:go.tz, kwa vyuo, site:ac.tz. Inaokoa bando kuliko ujanja wowote ninaoujua. Tafuta kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana taarifa za korosho za wizara na za watafiti hazikai lugha moja. Ukipata ripoti ya maana, ipakue papo hapo kwenye simu, usitegemee kuirudia kesho, kwani kurasa huhama na mtandao hukatika. Ukurasa uliopotea ujaribu kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo huhifadhi sura za zamani za tovuti. Na kabla hujafunga, andika kwenye daftari: mwandishi, mwaka, kichwa, taasisi, anwani nzima, tarehe uliyosoma. Wanaoacha hili hadi usiku wa kuwasilisha kazi ndio wanaoishia kuandika "chanzo: Google". Google haijaandika kitu.

Kuna maswali ambayo mtandao hauyawezi, na kwa mtu wa Mkunya ni mengi. Jando na unyago vilivyofanyika kijijini kwenu miaka ya 1960, majina ya mashamba, namna maji yalivyochotwa kabla ya bomba: tovuti bora duniani haina hayo, lakini bibi yako huenda anayo. Mahojiano ni chanzo halali cha kitaaluma. Omba ridhaa yake, andika tarehe na mahali, rekodi kwa simu, muulize na mzee wa pili wa ukoo mwingine, na umwonyeshe msomaji wao walijuaje kama unavyoidai tovuti. Usimwache aliyeona kwa macho ukamnukuu mwandishi wa mbali eti kwa kuwa yeye ana anwani ya intaneti.

Na namba ya wakazi wa kata yako, ichukue kwenye ripoti ya NBS ya sensa ya 2022, taja ukurasa, ili asiyekuamini aende akaihakiki mwenyewe.